Watoto tunao, karatasi hatuna: barua ya wazi kutoka Wete

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Kwa Mheshimiwa Kadhi Mkuu. Na kwa maafisa ustawi na masheha wa wilaya zetu nne za Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha madarasa ya chini hapa Wete kwa miaka thelathini na kitu, na huenda baadhi yenu mtakaoisoma barua hii ndio nilikushikeni mkono kukuonesheni namna ya kuandika herufi ya kwanza ya majina yenu. Basi nivumilieni nikienda polepole. Ni maradhi ya kazi.

Barua hii imeanzia kwenye bweta. Ni bweta la marehemu mama yangu, kufuli lake halifungi tena, na ndani yake naweka kila karatasi ya watoto wa mdogo wangu. Mna kadi mbili za kliniki. Mna vyeti viwili vya kuzaliwa, kimoja kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mkunjo umetoboka na kula herufi mbili za jina la baba. Mna ripoti za skuli, cheti cha kifo cha mama yao, na picha waliyopiga wazee wao studio siku ya pili ya Idi, nyuma yao pazia lililochorwa mnazi na jahazi. Mwezi uliopita nilizitandaza zote juu ya mkeka nikitafuta moja tu inayosema mimi ni nani kwa watoto hawa. Haimo. Ninawalea tangu Septemba 2011, na serikali yangu haina habari.

Mwezi huo Mpemba hahitaji kuelezwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja kwetu ilizama kwenye mkondo wa Nungwi, watu wakirudi makwao baada ya Idi. Sina haja ya kuitaja jina. Mdogo wangu na mumewe walikuwamo. Watoto walikuwa kwangu, wa kwanza ana miaka saba, wa pili miwili, nimeachiwa "kwa siku tatu tu, dada." Mdogo wangu tulimtambua kwenye viwanja vya Maisara, Unguja, katika yale mahema ya maiti, kwa hina ya mkononi. Mumewe hakuonekana. Maiti zilizopatikana zilipindukia 200, na waliobaki baharini ni wengi kuliko hao.

Sikuulizwa kama nataka kulea, wala mwenyewe sikujiuliza. Tanga lilipoondoshwa wageni walikwenda zao, watoto wakabaki palepale walipokuwa wamelala. Ndivyo yatima wa visiwa hivi wanavyopata makazi: hapelekwi mtu popote, anabaki. Bibi anasogea kwenye mkeka, shangazi anaongeza kibaba cha mchele, mjomba anaahidi sare za skuli na pengine anazileta. Katika shehia yangu, nyumba zenye mtoto asiyezaliwa humo vidole vyangu havitoshi kuzihesabu, na hakuna hata moja yenye bango nje.

Sasa nikuelezeni siku niliyojua bei ya karatasi.

Ulikuwa msimu wa karafuu wa 2022. Yule wa pili alikuwa ametimia miaka kumi na tatu, na mtoto wa kiume wa Pemba akifika umri huo humzuii kupanda mkarafuu. Utamkataza asubuhi, jioni utamkuta na pishi lake. Tawi likakatika. Wenzake walimleta wamembeba, mkono wa kushoto umepinda pale ambapo mkono haupindi, na ngumi ya kulia bado imefumbata shada la karafuu mbichi. Ilibidi nimkunjue vidole kimoja kimoja. Hospitali walimpokea vizuri, kwa hilo sina la kusema. Daktari akasema mfupa lazima upasuliwe utiwe chuma, na kabla ya kupasuliwa atie saini mtu mwenye haki na mtoto. Nikachukua kalamu.

"Wewe nani wake?"

"Mama yake mkubwa."

"Mama mzazi yuko wapi?"

"Kafariki."

"Na baba?"

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Nikisema kafariki, nitaulizwa cheti. Nikisema yuhai, naongopa. Nikasema, "Alizama."

Kijana wa mezani aliinua macho, kisha akayateremsha. Ni mtoto wa hapahapa, anajua. Lakini fomu yake ilikuwa na nafasi mbili, mzazi au mlezi wa kisheria, na mimi si huyu wala si yule. Tukampigia ami yao, alikuwa Unguja; simu haikupokewa mpaka baada ya magharibi. Mtoto alilala usiku ule mkono umeegemezwa kwenye kipande cha boksi na kufungwa bendeji. Kesho yake ami akaja na boti, akasimama mbele ya daktari na fomu. Daktari akamuuliza kama kuna dawa isiyopatana na mtoto. Ami akanigeukia mimi. Nikajibu mimi, akaandika yeye.

Ami simlaumu, wala yule kijana. Aliacha shughuli zake akaja, na kijana alifuata fomu aliyopewa. Nawauliza nyinyi mnaotengeneza fomu.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya dada yake. Kamaliza kidato cha sita, kapata chuo, anaomba mkopo wa masomo ya juu. Yatima anafikiriwa, na uyatima huthibitishwa kwa vyeti vya vifo vilivyohakikiwa. Cha mama kimo ndani ya bweta. Cha baba hakijapata kuandikwa. Fiqhi inamjua mtu huyu tangu karne za mwanzo: mafkudi, aliyepotea asijulikane yuhai au kafa, na mwenye kuhukumu kifo chake ni kadhi. Hilo nalo nilikuja kulijua ukubwani kabisa, kutoka kwa mwalimu mwenzangu, tumebanana kwenye gari ya Chake. Miaka kumi na tatu nakwenda meza hii naelekezwa meza ile, na haikutokea meza ya kuniambia: bibi, anzia kwa kadhi, ukitoka huko nenda kwenye usajili wa vifo, halafu ndio uje hapa. Msichana alikwenda chuo kwa kilichobaki kwenye kiinua mgongo changu. Nilikuwa nimekiwekea bati la nyumba. Bati lingali linavuja, na yeye yuko mwaka wa pili, alhamdulillahi.

Ombi langu ni moja na mengine yote ni matawi yake. Mlezi wa jamaa atambuliwe kwa maandishi. Karatasi moja, itolewe na afisa ustawi wa wilaya, sheha na watu wawili wa ukoo wakishuhudia, na afisa mwenyewe awe amefika nyumbani akaona mtoto anapolala. Iseme fulani ndiye anayemlea fulani, na ana idhini ya kumtilia saini skuli, hospitali na kwenye usajili. Isiguse nasaba, isiguse mirathi. Asihitaji mtu wakili wala nauli ya mara sita kuipata. Kwa wale ambao mzazi yuhai lakini hayuko, yuko Oman anafanya kazi za ndani, au yuko Dar hapigi simu, mzazi apewe muda wa kusema, akinyamaza mtoto asisubiri kimya chake.

Mheshimiwa Kadhi Mkuu analijua hili ninalotaka kulisema kuliko mimi, lakini naomba nilikumbushe kwa faida ya wengine, maana mimi hunipa nguvu kila nikichoka. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka kwenye Umra ya kulipa, binti wa Hamza, yule ami yake aliyeuawa Uhud, alimfuata nyuma akiita, "Ami! Ami!" Sayyidna Ali akamshika mkono. Watu watatu wakamgombania yatima yule. Ali akasema ni binti wa ami yangu, na mimi ndiye niliyemchukua. Jaafar akasema ni binti wa ami yangu mimi pia, na khalati yake, ndugu wa kike wa mama yake, ni mke wangu. Zaid akasema ni binti wa ndugu yangu. Mtume akahukumu akae kwa khalati yake, akasema khalati yuko mahali pa mama. Imo katika Sahihi ya Bukhari.

Kila nikiisikia hadithi hii ikisomwa msikitini husomwa kwa ajili ya ile sentensi ya mwisho, tusifiwe sisi mama wakubwa na wadogo, tutoke tumefurahi. Mimi naona mna zaidi. Kila upande ulisikilizwa. Kila mmoja alitaja haki yake kwa sababu yake. Hukumu ikatoka, mtoto akakabidhiwa nyumba moja inayojulikana, na waliokosa nao wakaambiwa maneno ya kuwatuliza. Hakuachwa mtoto yule abaki kwa khalati yake kwa kuwa tu ndipo alipolala. Sifa tunazo nyingi sana huku Pemba. Tunachokosa ni ile hukumu.

Wala hatuanzii patupu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ilipitishwa mwaka uleule wa meli. Najua ni sadfa, ila mimi sijapata kuizoea. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipewa tuzo ya dhahabu ya sera bora duniani kwa haki za watoto, mjini Geneva. Nilikuwa bado kazini, tuliisoma ofisi ya walimu, tukapigiana makofi kama sisi ndio tuliotunukiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 20, unapotaja njia za kumlea mtoto aliyekosa kwao, unaitaja kwa jina lake kafala ya sheria ya Kiislamu, yaani kumlea mtoto bila ya kumbadilishia nasaba, pamoja na kuweka mtoto kwa familia nyengine na kuasili. Na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kuwa umasikini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto mikononi mwa watu wake, na kwamba mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka mitatu, alelewe katika familia. Ni maneno mazuri, na mengi tumeyasema wenyewe kabla ya kuandikiwa. Mimi nimeishi chini yake miaka yote hii na hayajanifikia mlangoni.

Nipite kidogo kwenye neno, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa lugha na haliniachi. Serikalini husemwa "malezi ya kambo" kwa mtoto anayewekwa kwa familia isiyokuwa yake. Nani alichagua neno hilo? Kwetu kambo ni mama wa kambo, na mama wa kambo hana hadithi hata moja aliyotoka salama. Nendeni kwa mwanamke mwema mkamwambie tunakuomba uwe mlezi wa kambo, halafu mshangae akikataa! Afadhali hata "malezi mbadala", ingawa nalo linanuka karatasi za semina. Bibi zetu walisema kulea, basi. "Huyu namlea." Lilitosha.

Nina jirani zangu, mume na mke, miaka kumi na miwili ya ndoa na hawajajaaliwa mtoto. Waliposikia kuna kichanga kimeokotwa, walitaka kukichukua. Walikouliza walielezwa habari za kuasili, wakarudi wameingiwa na hofu: mtoto abadilishwe jina? arithi kama wa damu? Wakanijia mimi, barazani, namenya muhogo. Nikawaambia Mwenyezi Mungu kashasema katika Suratul Ahzab waiteni kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu zenu katika dini. Basi chukueni kafala: mtoto anabaki na nasaba yake, mnamlisha, mnamvisha, mnamsomesha, na mkitaka kumwachia kitu, mnaandika wasia usiozidi thuluthi ya mali yenu. Yule mke akauliza la maana zaidi, kwa sauti ndogo, akiwa amegeukia ukuta. Mtoto ni wa kiume. Akibaleghe je, nitajitanda ndani ya nyumba yangu?

Jawabu la hilo walikuwa nalo mabibi zetu. Dada yake yule mke alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ziwani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, akikinyonyesha kile kichanga mara tano kamili kabla ya kutimia miaka miwili, anakuwa mama yake wa kunyonya, na mdogo wake anakuwa khalati. Hajitandi mtu. Mwanamke yule alilia hapohapo. Lakini nikiuliza: elimu hii ya kumwambia mtu kafala ni nini, kuasili ni nini, ipi inamfaa nani, aanzie kwa kadhi au mahakama ya watoto au ustawi, ni kazi ya bibi anayemenya muhogo? Mpaka walipojua mlango wa kugonga, kichanga kilikuwa kimeshapelekwa kwengine. Na wako wenzetu visiwani humu wasio Waislamu, ambao kuasili kwao hakuna tatizo; na wao wanastahiki njia iliyo wazi, si kuzungushwa.

Nyumba za kulelea watoto sizipingi. Wako watoto ambao siku wanapookotwa hawana mtu, na lazima pawe na kitanda kisafi na mtu wa zamu. Ninachokipinga ni kuwa macho yote, na fedha zote za wahisani, zinakwenda penye jengo. Ramadhani moja tuliambiwa tuwapeleke mayatima wetu mahali fulani wakapewe sadaka. Tukaenda. Watoto wakakalishwa chini kwenye busati, wakubwa viti, mchele umepangwa mbele magunia kwa magunia, kamera mbili. Yule wangu wa kiume alipoitwa akapokea bahasha kwa mikono miwili kama nilivyomfunza, halafu mpiga picha akamwambia arudi apokee tena, hakupata vizuri. Akarudi. Mara ya pili aliiinua bahasha mpaka usoni, akajifunika nayo. Ndivyo alivyotoka kwenye ile picha: bahasha yenye masikio mawili. Njiani hakusema neno, na tangu siku hiyo hataki kuitwa yatima. Akiulizwa mama yako nani, ananitaja mimi.

Mwenye kutoa sadaka Mungu amlipe, na naomba ailete usiku, bila ya kamera.

Msichana wangu alinisomea kwenye simu habari za utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000. Walichukuliwa watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo, nusu yao wakapelekwa kwa familia zilizoandaliwa na kulipwa kuwalea, nusu wakaendelea kama walivyokuwa. Waliopata familia walipiga hatua, akili na mwenendo, na waliotolewa kabla ya kutimia miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Bibi yangu, aliyekuwa hajui kusoma, angewaambia hayo bure na chai juu yake. Lakini zingatieni neno moja katika utafiti ule: familia ziliandaliwa, zikasaidiwa. Hazikuachiwa mtoto na dua.

Na msidhani nasema jamaa wote ni wema. Mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio, na wako wanaowaona watoto wa ndugu zao wakubwa kabla ya wakati. Tunawajua watoto wanaovushwa kutoka huku kupelekwa mjini Unguja "akakae na shangazi yake asome," na kumbe anaamka alfajiri kuchota maji, anakaanga sambusa, analala jikoni, skuli anaisikia kengele tu. Wako waliofanyiwa mabaya zaidi ya hayo na mtu wa nyumba hiyohiyo, ukoo ukakaa kitako ukayamaliza kwa kimya ili jina lisichafuke. Hii ndiyo sababu nasema karatasi isitolewe bila ya mtu kufika nyumbani, na afike tena baada ya miezi, bila ya kutoa taarifa. Aingie mpaka jikoni. Akae na mtoto peke yake, amuulize anakula saa ngapi na analala na nani. Afisa ustawi mmoja hawezi kuifanya kazi hiyo kwa wilaya nzima kwa miguu. Mpeni pikipiki na mpeni mafuta, na mpeni wenzake. Mlezi mwema haogopi kutembelewa. Mimi ningefurahi, ningempikia na mkate wa kumimina.

Kwenye fedha sitaki kusema mengi, maana nyinyi ndio mnaojua mfuko una nini. Nakukumbusheni tu kitu mlichokwisha kukifanya. Aprili 2016 mlianzisha Pensheni Jamii: kila mzee aliyetimia miaka 70, awe alikuwa na ajira au hakuwa nayo, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye mkaipandisha mpaka 50,000. Nchi kubwa kuliko sisi zilikuwa hazijafanya hivyo. Mlipata orodha shehia kwa shehia, na wazee wanalipwa. Nendeni siku ya malipo mkawaangalie wanakokwenda wakishapokea. Bibi mmoja wa mtaa wetu anapita dukani kwanza, ananunua daftari na sabuni na mafuta ya taa, ana wajukuu wanne wa binti yake aliyefia uzazini. Ile pensheni ya mzee imeshakuwa posho ya yatima, ila anaigawa kwa watu watano, na siku Mungu akimchukua bibi, fedha inakwenda naye. Njia ya kulipa ipo, orodha mnajua kuitengeneza. Wekeni posho ya mlezi, imfuate mtoto popote alipo. Kiwango sikitaji. Ila kabla ya kusema hakuna fedha, pigeni hesabu mtoto mmoja ndani ya kituo anagharimu kiasi gani kwa mwezi, kisha mje mkae barazani kwangu mniambie.

Liko na la mali. Baba yao watoto hawa aliacha sehemu yake katika mikarafuu ya familia. Msimu wa kwanza na wa pili ami alileta fedha, nikaandika kwenye daftari. Baada ya hapo msimu huwa mbaya kila mwaka, hata ule mwaka ambao Pemba nzima ilikuwa imeanika karafuu mpaka barabarani. Sisemi kala. Nasema hakuna anayejua, na mimi ni mtu wa upande wa mama, nikiuliza naonekana natafuta shari. Quran katika Suratun Nisaa, aya ya 6, inataka hata siku ya kumkabidhi yatima mali yake washuhudie watu. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kazi yake ni pamoja na mirathi ya Waislamu. Basi siku karatasi ya mlezi inapoandikwa, iandikwe na ya pili: mtoto huyu kaachiwa nini, kiko wapi, nani anakishikilia, na kila baada ya msimu atoe hesabu kwa nani. Ikiandikwa mapema, ndugu hawagombani. Wanagombana kwa kukisia.

Yule wa mkarafuu anakaribia kutimia miaka kumi na minane. Mkono umepona, ila mvua ikitaka kunyesha anajua kabla yetu. Karatasi ninayoiomba haitamfaa yeye tena, atajitilia saini mwenyewe.

Lakini mwaka jana aliletwa mwengine, mjukuu wa shemeji yangu, miezi minane, mama yake kafariki na baba hajulikani aliko. Aliletwa na nguo tatu na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Sasa hivi kalala nyuma yangu, kwenye upande wa mkeka aliokuwa akilala yule msichana, ameshika ncha ya kanga yangu ili nisiondoke. Kadi yake nimeshaitia kwenye bweta. Nilikwenda kwa sheha kumuuliza nifanye nini safari hii ili nisirudie yale yale, akaniambia kwa masikitiko muhuri anao, fomu ndiyo hana. Nimemwachia namba yangu. Nimemwambia siku mtakapomletea hiyo fomu anipigie, hata iwe katikati ya masika na njia imejaa maji, nitakuja na bweta lote kichwani.

Wabillahi tawfiq.

Mama mkubwa, mwalimu mstaafu
Wete, Pemba